Haki ya Nyumba Hupimwa kwa Mwezi



Tunapolitaja neno haki, mawazo yetu hukimbilia mahakamani, ofisi ya kijiji, mizani ya tumbaku na mipaka ya mashamba. Ni sawa, kwa maana huko nako wapo wanaolia. Lakini safari hii tunapenda kuwaelekeza mahali pa karibu zaidi, pasipo na hakimu wala karani: jikoni, kisimani, na kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Mkulima huhesabu kwa msimu, mtoto hula kwa siku, na mama hupanga kwa mwezi. Kwa hiyo haki ya nyumba haiwezi kupimwa kwa fedha za msimu peke yake. Ipimwe kwa mwezi mmoja wa kawaida, usio na sherehe wala msiba.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyokutana mwaka 1994, ilichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Ikiwa tumelipokea jina hilo, basi mambo ya familia zetu si mambo madogo ya kuachiwa wanawake wayazungumze wakati wa kuchambua mboga.

1. Mwezi wenyewe

Tuchukue nyumba ya mfano hapa Goweko. Si ya mtu fulani, bali inafanana na nyingi tunazozijua. Ina baba, mama na watoto wawili wa kiume: mkubwa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka sita, ameanza darasa la kwanza. Mwezi uwe Machi. Mvua bado zinanyesha, tumbaku inachumwa na kukaushwa, ghala la mahindi la mwaka jana limeonyesha sakafu, na mahindi mapya hayajakauka.

Asubuhi mama huamka kabla ya wote. Huwasha moto, hupasha maji, huwapa watoto matobolwa na karanga, kama zipo, au uji mtupu. Wavulana hugombania kigoda kimoja, na mmoja amepoteza daftari. Mchana wakirudi wanataka chakula, na baada ya chakula wanataka mpira wao wa matambara. Jioni kuna kuoga, kufua shati moja la shule ili likauke hadi kesho, na kumsikiliza mdogo akisoma silabi kwa mwanga wa tochi. Katikati ya mwezi mdogo anapata homa usiku. Mwisho wa mwezi mwalimu anauliza mchango wa mahindi kwa ajili ya uji wa shule.

Hakuna ajabu lolote katika mwezi huu. Lakini tukiufuata kwa makini na kuuliza, kwa kila kazi, nani aliifanya na kwa fedha ya nani, tutaona haki au dhuluma waziwazi kuliko katika hotuba nyingi.

2. Mizigo themanini

Tuanze na maji. Nyumba ya watu wanne ikitumia ndoo nne za lita 20 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, hiyo si anasa. Kwa siku thelathini ni ndoo 120, yaani lita 2,400, ambazo uzito wake ni kilo 2,400.

Sisi watu wa Unyamwezi tunajua habari za mizigo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo ilijaa wapagazi wetu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi. Gawanyeni basi: maji ya mwezi mmoja katika nyumba hii ndogo ni mizigo themanini ya wapagazi. Msafara mzima unapita juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, naye halipwi posho wala haimbiwi wimbo wa safari. Hapo hatujahesabu kuni.

Mpagazi alijua haki yake. Akiongezewa mzigo kupita kiasi alilalamika, na wenzake wakaweza kuuweka msafara wote chini. Mama wa nyumba hana wenzake wa kugoma nao. Ana mume na wana wawili. Hao ndio wanaopaswa kumpunguzia mzigo kabla hajaomba.

3. Fedha za mara moja, mahitaji ya kila siku

Mkulima wa tumbaku hupata fedha wakati wa masoko, na kwanza hukatwa mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine. Kinachobaki hupokewa kwa jina la mwanachama wa chama cha msingi, ambaye mara nyingi ni baba. Lakini majani yale yalipandwa, yakachumwa na kufungwa na mikono ya nyumba nzima.

Siku fedha zinapofika, baba huweza kununua pikipiki, kulipa madeni, kuwakaribisha marafiki. Mengine ni mema. Swali letu ni hili: mwezi wa Machi unaofuata, mdogo akiugua usiku, mama ana nini mkononi? Akilazimika kugonga mlango wa jirani kuomba fedha ya bodaboda hadi zahanati, huku fedha za jasho lake ziliisha miezi mingi iliyopita bila yeye kuulizwa, nyumba hiyo imepungukiwa haki, hata kama ina bati jipya.

Sheria za nchi haziko kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwekea baba wajibu wa kuwapatia watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Seif, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Maana yake ni kwamba ndoo zile 120 zimo ndani ya pikipiki ile. Asiseme mtu, “Nimeinunua kwa fedha yangu.”

Tuwatendee haki akina baba pia. Malipo ya mkulima yakichelewa, au zao lake likishushwa daraja bila maelezo, anayeumia kwanza ni mtoto anayesubiri uji. Ndiyo sababu kudai malipo ya wakati ni kazi ya familia, na ndiyo sababu tungependa kuwaona wanawake wengi zaidi wakiwa wanachama kamili katika vyama vya msingi, wenye kura na sauti.

4. Kazi inayolea na kazi inayomla mtoto

Je, wavulana wetu wawili wasifanye kazi? Wafanye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana wa miaka tisa anaweza kubeba kidumu cha lita tano, kuosha vyombo, kufagia uwanja, kuchochea moto na kumshika mdogo wake mkono njiani. Wa miaka sita anaweza kukusanya vikombe na kuwafungia kuku. Kazi hizo zinamlea. Anajifunza kwamba chakula hakijipiki na kwamba mama yake anachoka.

Bani ya tumbaku ni jambo jingine. Moto wa kukausha huendelea karibu juma zima, usiku na mchana. Mtoto anayekesha kuuangalia anasinzia darasani, na mwisho tunamwita mzito wa akili. Majani mabichi yenye umande nayo hupenyeza sumu ya nikotini katika ngozi, na mchumaji hupata kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Mtu mzima huumia. Mwili mdogo huumia upesi zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini hata kwa kazi nyepesi. Sheria hiyohiyo inahesabu mchezo na mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, pamoja na chakula, matibabu na elimu. Mpira ule wa matambara, ndugu zangu, una ulinzi wa Bunge.

Ada za shule za msingi zilifutwa miaka mingi iliyopita, na tangu Januari 2016 hata za sekondari hadi kidato cha nne. Lakini kufutwa kwa ada hakumfaidii mtoto ambaye mwezi wa Machi yuko shambani, au yuko darasani huku tumbo likiwa tupu.

5. Akina baba watasema

Wapo watakaosema kwamba mvulana akishika mwiko atadharauliwa na kwamba mila zetu zinakataa. Tuziulize mila zenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi walipopiga kambi jioni walijigawa katika vikundi vya kula pamoja: mmoja aliteka maji, mwingine alitafuta kuni, mwingine alipika. Walikuwa wanaume wenye kuheshimiwa, na kwao safari ya pwani ilikuwa sifa. Kama mwiko haukumvunjia heshima babu aliyekwenda Bagamoyo kwa miguu, utamvunjiaje mjukuu anayekwenda kisimani?

Tena wavulana hawajifunzi kwa maneno. Wanatazama. Baba akirudi, akikaa kivulini na kuita maji ya kunywa wakati mama ana mtungi kichwani na kuni mkononi, wana wamekwisha kupata somo lao. Miaka ishirini baadaye binti wa mtu mwingine atalilipia somo hilo.

6. Tufanye nini?

Kwanza, siku ya malipo mume na mke wakae pamoja, watoe madeni, kisha kinachobaki wakigawe katika mafungu kumi na mawili, kila mwezi na fungu lake. Fungu la Machi liwe nene kidogo. Wanaoogopa kula mafungu yote mapema wayatunze katika kikundi cha kuweka na kukopa.

Pili, kila nyumba ipange upya kazi zake kwa kuzitaja moja moja. Kazi isiyotajwa huangukia kwa mama daima.

Tatu, watoto watolewe kabisa katika mabani na katika uchumaji, na mikutano ya vyama vya msingi ilizungumze jambo hili bila haya.

Nne, baba awape wanawe robo saa kila jioni: amsikilize mdogo akisoma, aone daftari la mkubwa, asali nao. Hakuna fedha ya msimu inayonunua robo saa hiyo ikishapita.

Tusingoje mabadiliko makubwa ndipo tuanze. Mwezi ujao una siku zake, na kila siku ina ndoo zake nne.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika nyumba yetu, nani aliteka maji juma lililopita? Tuhesabu ndoo.
2. Fedha za mwisho za mazao zilipangwa na nani? Zilidumu miezi mingapi?
3. Je, wapo watoto wa Jumuiya yetu wanaokesha kwenye mabani? Tutawasaidiaje wazazi wao ili waache?
4. Wana wetu wa kiume wanajifunza nini kwa kututazama?