Ukicheza fainali ya FA, jiulize kesho yake

Mtajie shabiki wa Simba jina la Green Warriors uone. Atacheka kidogo, halafu atabadilisha mada. Ilikuwa Desemba 2017, Uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Timu hiyo ya Daraja la Pili, ngazi mbili chini ya Ligi Kuu, ilitoka sare ya 1-1 na Simba iliyokuwa bingwa mtetezi wa Kombe la Shirikisho, ikaenda nayo kwenye penalti na kuitupa nje. Haikupita muda kocha Joseph Omog akafungashiwa virago pale Msimbazi.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba Simba hiyohiyo ndiyo iliyobeba ubingwa wa Ligi Kuu msimu huo, baada ya kuusubiri kwa miaka mitano. Kwa hiyo haikuwa timu mbovu. Ilikuwa timu bora ya nchi iliyokutana na mashindano yasiyojali nani bora kwa miezi tisa. FA inauliza nani bora leo, basi.

Na msimu ule wa 2017/18 swali hilo liliwashinda vigogo wote watatu. Robo fainali Yanga ikafunga safari kwenda Namfua, ikatoka 1-1 na Singida United, ikang'olewa kwa penalti. Azam, tena nyumbani kwake Chamazi, ikatolewa na Mtibwa Sugar, nayo kwa penalti. Nusu fainali zikabaki na Mtibwa, Singida United, Stand United ya Shinyanga na JKT Tanzania iliyokuwa Daraja la Kwanza. Hakuna Simba, hakuna Yanga, hakuna Azam. Wapo waliosema fainali itakosa watu.

Waliosema hivyo walikosea. Juni 2, 2018, Sheikh Amri Abeid pale Arusha, Mtibwa iliifunga Singida United 3-2 katika moja ya fainali tamu kuliko zote tangu kombe hilo lirudishwe msimu wa 2015/16. Wakata Miwa wa Turiani, mabingwa wa Bara wa 1999 na 2000, walirudi kwenye ramani wakiwa na kocha mzawa Zubeir Katwila na kikosi ambacho nusu ya mashabiki wa Dar es Salaam wasingeweza kukitaja majina.

Hiyo ndiyo sehemu ya stori ambayo kila mtu anapenda kuisimulia. Ipo sehemu nyingine ambayo haisimuliwi sana, na ndiyo inayopaswa kuumiza vichwa vya viongozi wa soka letu.

Ichukue orodha ya timu zilizopoteza fainali kwa miaka mitatu mfululizo. 2017 ni Mbao FC ya Mwanza, iliyoitoa Yanga nusu fainali pale CCM Kirumba, halafu ikaisumbua Simba Dodoma hadi muda wa nyongeza kabla ya kulala 2-1. 2018 ni Singida United. 2019 ni Lipuli ya Iringa, iliyoipiga Yanga 2-0 kwenye Uwanja wa Samora na kufungwa 1-0 na Azam kwenye fainali ya Ilulu, Lindi, kwa bao la Obrey Chirwa.

Sasa fungua msimamo wa Ligi Kuu wa msimu wa 2019/20. Singida United imeshuka. Lipuli imeshuka. Mbao ikaenda kwenye mechi za mchujo, ikashindwa na Ihefu, nayo ikashuka. Timu tatu zilizocheza fainali tatu mfululizo zilishuka daraja msimu mmoja! Ongeza Stand United, iliyofika nusu fainali ya 2018: yenyewe iliwatangulia, ilishuka msimu wa 2018/19.

Wapo watakaosema ni bahati mbaya. Mara moja, sawa. Mara mbili, tuseme upepo. Lakini mara nne ndani ya misimu miwili? Hapo kuna ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unajulikana.

Angalia makocha. Etienne Ndayiragije aliipeleka Mbao fainali 2017, mwaka uliofuata akawa KMC, baadaye Azam, hadi akaifundisha Taifa Stars. Hans van der Pluijm aliipeleka Singida United fainali 2018, msimu uliofuata akawa Azam. Suleiman Matola aliipeleka Lipuli fainali 2019, mwaka huohuo akawa Polisi Tanzania. Hakuna wa kuwalaumu, kocha naye ana familia. Na wachezaji ni vilevile. Tafadzwa Kutinyu, mmoja wa viungo waliokuwa wakiibeba Singida United, naye akaelekea Chamazi.

Kwa timu ndogo, FA ni kama soko la Kariakoo siku ya sikukuu. Kila mtu anaona bidhaa yako, na wenye fedha wanakuja kuinunua. Kuuza si kosa, klabu kubwa zote duniani zinauza. Kosa ni kuuza bila kubaki na chochote. Ukimuuza mchezaji kwa sababu mkataba wake unakaribia kuisha na huwezi kumuongezea, hujauza, umepokonywa. Ukimruhusu kocha kuondoka bila kuwa na msaidizi anayejua mfumo wake, unaanza upya Julai kama vile ile fainali haikuwahi kuchezwa.

Mtibwa yenyewe, pamoja na ubingwa, ilikumbushwa jambo hilo mapema. Tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilipopatikana, furaha ya Arusha ilikutana na deni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 klabu hiyo ilishindwa kusafiri kwenda kucheza Afrika Kusini, CAF ikaipiga faini, na faini ikawa bado inasubiri. Vijana walikuwa wameshinda uwanjani, lakini ofisi ilikuwa na kesi ya zaidi ya miaka kumi kabatini. Mtibwa ilimaliza suala hilo na kucheza. Hata hivyo, msimu wa 2023/24 nayo ikashuka daraja, ikalazimika kupambana Championship kabla ya kurudi Ligi Kuu.

Wapo pia walioonyesha kwamba inawezekana. Namungo ya Ruangwa ilifungwa 2-1 na Simba kwenye fainali ya 2020 pale Sumbawanga. Kwa kuwa Simba tayari ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Namungo ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho, ikafika hadi hatua ya makundi. Makundini ilipoteza mechi zote sita. Nayo ilibadilisha kocha, akaondoka Thierry Hitimana akaja Hemed Suleiman 'Morocco'. Lakini haikuporomoka. Ilirudi kwenye ligi, ikajishikilia, ikabaki. Kwa hiyo tatizo si kocha kuondoka. Tatizo ni kocha kuondoka na klabu nzima ndani ya begi lake.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko uchungu wa mashabiki wa Iringa, Singida na Mwanza? Kwa sababu linamgusa hata shabiki wa Kariakoo. Tangu Mtibwa ibebe ndoo ile ya 2018 hadi fainali ya 2025, kombe limekwenda Azam mara moja, Simba mara mbili na Yanga mara nne, tena mfululizo. Hakuna mwingine. Aliyekaribia kabisa ni Coastal Union, 2022, palepale Arusha, ilipotoka 3-3 na Yanga huku Abdul Suleiman 'Sopu' akifunga mabao yote matatu, kisha ikapoteza kwa penalti. Msimu mpya ulipoanza Sopu alikuwa mchezaji wa Azam. Ni kawaida.

Mashindano ya mtoano yanaishi kwa hofu. Kigogo lazima aogope anapopanda basi kwenda mkoani. Hofu ikiisha, FA inageuka kuwa ligi nyingine fupi, na watu wataanza kuangalia kuanzia nusu fainali. Ile hofu ya Namfua, Kirumba na Samora haikuletwa na ratiba. Ililetwa na timu zilizokuwa na mpango, kikosi kilichokaa pamoja na mji uliojaa uwanjani. Timu hizo zikifa, hofu inakufa nazo.

TFF ina kazi hapa. Leseni ya klabu isiwe karatasi ya kupigwa muhuri kila mwanzo wa msimu. Klabu inayofika nusu fainali ibanwe ionyeshe mikataba ya wachezaji wake inaisha lini, inamdai nani, inadaiwa na nani, na timu yake ya vijana inafanya mazoezi wapi. Zawadi ya fainali isikabidhiwe mbele ya kamera ikaishia kulipa madeni ya hoteli. Sehemu yake itengwe kwa ajili ya vijana na ifuatiliwe. Na katika hatua za mwanzo, timu ya daraja la chini ipewe mechi nyumbani kwake kila uwanja wake unapokidhi vigezo. Mapato ya siku moja ya kuikaribisha Simba au Yanga yanaweza kulipa mishahara ya miezi.

Viongozi wa klabu nao waache kuichukulia FA kama harusi, ambapo michango inakusanywa, sare zinashonwa, watu wanacheza, na kesho yake nyumba haina unga. Mkurugenzi, mbunge na mfanyabiashara wa mkoa wanaojaa jukwaani siku ya nusu fainali waulizwe watakuwa wapi siku timu inasafiri kwenda Kagera kwa basi, mechi ya 22, ikiwa nafasi ya 14.

Na mashabiki, msijitoe. Kirumba ilijaa Mbao ilipocheza na Yanga. Mbao ilihitaji pia watu siku za kawaida, mechi za saa kumi jioni dhidi ya timu isiyo na jina. Timu ya mkoa haiwezi kuishi kwa tiketi za wageni.

Droo ya msimu mpya itakapopangwa, patakuwa na timu moja mahali fulani itakayopewa kigogo, na mtaa mzima utalipuka kwa shangwe. Huenda ikashinda. Itakapotoka uwanjani ikiimba, awepo kiongozi mmoja tu asiyeimba, aliyekaa pembeni na kalamu, anayeangalia mkataba wa nani unaisha Juni.