Goma: Umeshalipa, muuzaji anasema bei imepanda. Sheria inasema nini?

Katika mtaa wa Murara, komini ya Karisimbi mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao, na mkaaji anayejenga mara nyingi hanunui vifaa vyote siku moja. Analipa mabati leo, mbao wiki ijayo, simenti akipata pesa nyingine. Mali inabaki kwa muuzaji mpaka fundi aihitaji. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia: mnunuzi anarudi na chukudu kubeba vitu alivyolipia, muuzaji anamwambia bei imepanda, aongeze kidogo. Akikataa, mali haitoki.

Sababu za kupanda kwa bei hazikosekani. Februari 2024, vita karibu na Sake vilikata barabara zilizoleta chakula na makala kutoka Masisi na Minova. Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipouteka mji, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na pesa taslimu zikawa adimu. Muuzaji anayesema mzigo mpya umempata kwa bei kubwa, mara nyingi hasemi uongo. Lakini swali ni jingine: bei ikipanda baada ya malipo, hasara hiyo ni ya nani?

Wauzaji wengi hujibu kwamba Kongo ina uhuru wa bei. Ni kweli. Sheria nambari 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inamwachia mfanyabiashara kupanga bei yake, isipokuwa kwa vitu vichache ambavyo serikali inavisimamia. Lakini uhuru huo ni wa kabla ya kupatana. Bei ikishakubaliwa na pande mbili, inayotawala ni sheria nyingine, ya zamani sana: dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, iliyotungwa wakati nchi ilikuwa bado mali ya Mfalme Léopold II. Imepita karne na zaidi, na bado ndiyo kitabu cha tatu cha sheria za kiraia ambacho majaji wa Kongo wanakifungua.

Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana, na hayavunjwi ila kwa makubaliano yao wote au kwa sababu zinazoruhusiwa na sheria. Kifungu cha 264 kinaenda mbali zaidi: mauzo yamekamilika, na mali ni ya mnunuzi, mara tu pande mbili zinapokubaliana juu ya kitu na bei yake, hata kama kitu hakijatolewa na bei haijalipwa. Kwa hiyo mkaaji aliyechagua mabati yake kumi, akayalipa na kuyaacha butiki, hana deni. Mwenye butiki amehifadhi mabati ya mtu mwingine. Kumdai nyongeza ili ayatoe ni kumuuzia mtu mali yake mwenyewe mara ya pili.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwa vitu vinavyouzwa kwa kuhesabiwa au kupimwa, kama mifuko ya simenti iliyo bado ndani ya rundo la depo, mali haihamii kwa mnunuzi mpaka ihesabiwe na kutengwa. Hata hivyo muuzaji hajifungui: mnunuzi anaweza kudai apewe simenti kwa bei ileile, au arudishiwe pesa pamoja na fidia. Lakini ni afadhali kuhesabu mifuko na kuitia alama siku ya malipo, mashahidi wakiwepo.

Avansi nayo ina mtego wake. Ikiwa waliyoandika ni malipo ya kwanza ya bei iliyokubaliwa, mauzo yamefungwa na muuzaji hawezi kurudi nyuma. Ikiwa ni arabuni, yaani pesa ya kushikilia ahadi, kila mmoja anaweza kujitoa: mnunuzi akijitoa anaipoteza, muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Ni nadra kumwona muuzaji anayerudisha mara mbili. Wengi hurudisha kilekile walichopokea, baada ya miezi, na kusema mambo yamekwisha. Neno moja kwenye fakture lingebadilisha hesabu yote, lakini fakture nyingi zina neno "avansi" tu, au hazipo kabisa.

Ugomvi mgumu zaidi unatokana na dola. Mwaka 2025, kiwango cha dola moja kilishuka kutoka zaidi ya faranga 2 800 hadi chini ya 2 500 kwa muda mfupi. Tuseme muuzaji alipokea dola 100 wakati kiwango kilikuwa 2 800, sawa na faranga 280 000. Kiwango kikifika 2 400, zile dola zinakuwa faranga 240 000, naye anadai 40 000 zaidi. Kisheria, kama bei ilikuwa dola 100 na dola 100 zimelipwa, hakuna kinachodaiwa. Na tuangalie upande wa pili: aliyepokea faranga 280 000 kwa bidhaa ya dola 100, pesa ile sasa ni zaidi ya dola 116. Ni vigumu kumpata muuzaji wa namna hiyo aliyemwita mteja wake kumrudishia dola 16.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zimeandika mambo haya wazi zaidi. Sheria ya Kenya ya 2012 ya kulinda watumiaji inahesabu kuwa ni biashara isiyo ya haki kushikilia mali ya mteja ili kumlazimisha akubali masharti mapya. Inasema pia kwamba fundi aliyetoa makadirio ya bei hawezi kudai zaidi ya asilimia 10 juu yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mkaaji wa Murara bado anategemea vifungu vya 1888. Kwa anayenunua kwa simu au intaneti kuna pia sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023, inayotaka muuzaji aonyeshe bei waziwazi kabla ya mteja kukubali.

Haki hizo ni za nani, ikiwa hakuna pa kuzidai? Januari 2025, tribinali za serikali ya Kinshasa zilisimama mjini Goma. Kinachobaki mara nyingi ni kamati ya soko, chifu wa nyumba kumi, chifu wa mtaa, na wazee wanaojulikana na pande zote mbili. Hao hawatoi hukumu, lakini wanaangalia karatasi. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unaonyesha kiasi na tarehe. Hausemi ni mabati mangapi, wala ya unene gani. Fakture inayomsaidia mnunuzi ina idadi, aina, bei ya kimoja, pesa iliyotumika na kiwango cha siku ile, siku ya kuchukua, na sahihi mbili.

Muuzaji naye ana njia ya kujilinda bila kumgeuka mteja. Asiyeweza kushikilia bei anaweza kuandika kwamba bei ni ya mzigo utakaochukuliwa leo tu, na kukataa pesa ya mzigo utakaobaki. Kwa kufanya hivyo atakosa pesa ya kununulia mzigo unaofuata, na hiyo ndiyo sababu wengi wanapendelea kupokea kwanza na kubishana baadaye.