Jeshi ni Watu Waliotandazwa

Siku hizi kila ofisi ina mkakati wake, hata kama hela za chai hakuna. Neno la Wazungu kwa mkakati limetoka kwa Wagiriki wa kale, na ndani yake kuna stratos, yaani jeshi.

Wajuzi wa lugha wanasema mzizi wa stratos ni kutandaza, kama unavyotandaza mkeka. Mwanzoni ilikuwa kambi: wanaume wametapakaa chini na mioto yao. Mkuki haumo kwenye neno lenyewe, wala upanga. Ni watu tu! Mimi hilo limenipendeza sana.

Ongeza neno la kuongoza, unapata strategos, jemadari. Athens walikuwa nao 10, wakipigiwa kura kila mwaka. Ulaji huo? Thubutu! Mwaka 406 kabla ya Kristo majemadari wanane walishinda vita vya baharini kule Arginusae, ila dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia wao waliokuwa majini. Wananchi wakachachamaa, wakawahukumu wote kwa kura moja. Wawili walishaingia mitini. Sita wakauawa, akiwemo mtoto wa Pericles, yule mzee aliyeshika cheo hicho hicho miaka 15 mfululizo. Socrates alikataa kura ile, akasema ni kinyume cha sheria. Nani amsikilize?

Haukupita muda, wananchi hao hao wakajuta, wakaanza kuwasaka waliowachochea.