Dodoma Si Gati la Kupita

Wapo watumishi wa umma ambao hadi leo wanaishi Dodoma kama mabaharia waishivyo bandarini. Meli ikitia nanga hushuka, hutimiza kazi, hula, hulala, na honi ikilia hurudi kwao. Tofauti ni kwamba meli ya mtumishi huyu hupiga honi kila Ijumaa alasiri. Siku tano yuko Mtumba ofisini. Siku mbili yuko Dar es Salaam kwa mkewe na watoto wake. Mshahara anaupokelea nyanda za kati, lakini anautumia pwani. Kadi yake ya mpiga kura ni ya Temeke, Ilala au Kinondoni. Mwenyekiti wa mtaa anamopanga chumba hamjui hata kwa sura. Akiulizwa mbunge wake ni nani, humtaja wa pwani.

Tabia hii iitwe kwa jina lake: ni kasumba. Mzizi wake ni mawazo yaliyoachwa na ukoloni, kwamba nchi ina mlango mmoja tu, nao ni bandari, na kwamba bara ni ghala la kuchota na njia ya kupita.

Nyanda za kati zimeyajua mawazo hayo kwa muda mrefu na kwa uchungu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatize Ugogo. Nchi ilikuwa kavu na maji yalikuwa na wenyewe. Kwa hiyo watemi wa Kigogo walitoza hongo, na kila msafara ulilipa kabla ya kuruhusiwa kusonga mbele. Kwa maneno mengine, Ugogo ilikuwa bandari isiyo na bahari, na ushuru wake ulibaki kwa wenyeji.

Wajerumani waliigeuza hali hiyo. Reli yao ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo bidhaa za bara ziliteremka hadi gatini bila kumwomba Mgogo njia wala maji. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya wakoloni yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi; ukame ulipoongezeka juu ya uporaji huo, ikaja njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoua maelfu ya watu. Baada ya Vita ya Pili, mwaka 1947, Waingereza walileta Kongwa matrekta yao ya kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Uingereza. Mradi huo ulifutwa mwaka 1951. Mvua za Kongwa wangeweza kuelezwa na mkulima yeyote wa pale, lakini hakuna aliyedhani mkulima huyo ana la kusema.

TANU ilipoamua mwezi Oktoba 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma katika muda wa miaka 10, uamuzi huo ulikuwa jibu kwa historia hii. Ulikusudiwa kuitoa Serikali mlangoni, ambako wakoloni waliiweka ili kuhesabu mizigo, na kuiketisha sebuleni, katikati ya wananchi. Miaka 10 ilipita, na mingine zaidi ya 30 ikapita juu yake. Ni mwaka 2016 ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahama kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji.

Leo jimbo la mji mkuu ni mchanganyiko usiofanana na ule wa mwaka 1973. Wamo Wagogo wenye ardhi ya mababu. Wamo Warangi na Wasandawe. Wamo wazao wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi walioifuata reli. Wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Na wamo watumishi kutoka kila mkoa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Wingi huo ndio uliofanya jimbo ligawanywe mwaka 2025, likazaliwa jimbo la Mtumba.

Lakini wingi wa vichwa si wingi wa raia. Watazamwe makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Nao walikuwa wageni mjini, watu wa makabila mengi, wengi wao vibarua wa kutwa wasiokuwa na hakika ya kazi ya kesho. Hata hivyo waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukapanda na reli hadi miji ya bara. Makuli hao waliudai mji kuwa wao, na kwa madai hayo wakawafundisha wafanyakazi wa nchi nzima umoja. Je, si aibu kwamba kibarua asiyejua kusoma alikuwa mwananchi wa mji wake kuliko mtumishi mwenye shahada anavyokuwa mwananchi wa Dodoma?

Atasema kwamba nyumba yake iko pwani na watoto wana shule zao huko. Hoja hiyo ilikuwa na uzito mwaka 2016. Leo Dodoma ina shule, ina chuo kikuu, ina Hospitali ya Benjamin Mkapa. Atasema kwamba mambo makubwa bado yanaamuliwa Dar es Salaam. Hilo si kweli hata kwa bandari yenyewe. Makubaliano ya ushirikiano na Dubai juu ya bandari yaliridhiwa na Bunge jijini Dodoma tarehe 10 Juni, 2023, na mikataba iliyofuata ilitiwa saini Ikulu ya Chamwino mwezi Oktoba mwaka huo huo. Gati liko Kurasini, lakini kalamu iko Dodoma.

Lawama haimhusu mtumishi peke yake. Mkuu wa idara anayeitisha vikao vya wiki nzima Dar es Salaam na kulipana posho za safari anafanya ubadhirifu na anawafundisha walio chini yake dharau. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ilijengwa kwa fedha za wananchi ili kuiunganisha nchi. Haikujengwa ili wakubwa wapate njia rahisi ya kuukimbia mji mkuu kila mwisho wa wiki.

Anayeumizwa na haya ni mwenyeji. Kwa miaka mingi wananchi wa Dodoma walilalamikia Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuhusu viwanja, hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na hati za miaka 33 zikaamriwa ziwe za miaka 99. Malalamiko ya ardhi, maji na barabara za mitaa hupelekwa kwa diwani na mbunge. Jirani msomi asipohudhuria mkutano wa mtaa wala kupiga kura hapo, anamwachia mkulima wa Nala na mama muuza mboga wa Majengo mzigo wa kudai peke yao kile ambacho yeye pia anakitumia.

Kwa hiyo mtumishi na ahamishe kadi yake ya mpiga kura, na aende kwenye mkutano wa mtaa akasikilize kabla ya kusema. Mwalimu, ambaye kwa kawaida huishi karibu na wananchi kuliko wote, na awafundishe watoto historia ya nchi waliyomo: hongo, reli, Mtunya na Kongwa. Wakuu wa idara na wafute vikao vya pwani visivyo na sababu. Mtemi wa Ugogo alimdai mpita njia hongo kwa sababu alijua kwamba hatarudi. Mtumishi wa umma hadaiwi hongo; anadaiwa kukaa.