Mashine za leza za nyumbani: Je, wembe umepitwa na wakati?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao. Amma baad.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya darsa hapa Mpanda, muumini mmoja alinifuata akiwa na boksi dogo jeupe. Ndani yake mlikuwa na mashine iliyofanana na ile ya kukaushia nywele saluni, waya wake, miwani nyeusi, na kijitabu cha maelekezo cha Kichina na Kiingereza. Mkewe aliiagiza kutoka Dar es Salaam baada ya kuona tangazo katika simu, ikaletwa kwa basi. Tangazo lilidai kuwa hiyo ni leza, kwamba huondoa vinyweleo moja kwa moja, na kwamba mwenye kuitumia hatahitaji wembe tena. Swali la ndugu yetu lilikuwa moja: je, inafaa kuitumia kwa ajili ya usafi tulioamrishwa na dini?

Nilimwomba tufungue kwanza kile kijitabu. Mlikuwa na picha sita za rangi ya ngozi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Chini ya picha za mwanzo paliwekwa alama ya kukubali. Chini ya picha ya mwisho, ambayo ndiyo rangi yake yeye, ya mkewe na yangu mimi, paliwekwa alama nyekundu ya kukataza. Mtengenezaji mwenyewe amekataza mashine yake isitumiwe na mtu mwenye ngozi kama yetu, na muuzaji hakulisema hilo. Hapo ndipo nilipoona kuwa jambo hili halipaswi kuishia katika baraza ya msikiti.

Sheria inasemaje?

Wanazuoni wamezigawa nywele za mwili katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile tulizoamrishwa kuziondoa au kuzipunguza. Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameyataja mambo matano ya maumbile: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa nywele za makwapa. Na katika hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, umewekwa mpaka kwamba mambo hayo yasiachwe zaidi ya siku arobaini.

Fungu la pili ni zile tulizokatazwa kuziondoa, kama vile ndevu za mwanamume, na nyusi ambazo wanawake huzichonga kwa ajili ya urembo. Kwa fungu hili hakuna tofauti kati ya wembe, uzi na leza, kwani kilichokatazwa ni kitendo chenyewe. Fungu la tatu ni zile ambazo sheria imezinyamazia, kama vinyweleo vya mikono na miguu. Wanazuoni wengi wameona kwamba mwenye kuziondoa hana lawama, na mwenye kuziacha hana lawama vilevile.

Ama kuhusu kifaa, Imam Nawawi (Allah amrehemu) ameeleza kwamba kilicho bora kwa nywele za kinena ni kunyoa, lakini inajuzu pia kuzipunguza, kuzinyonyoa, au kutumia ile dawa ya chokaa iliyojulikana kwa jina la nura. Imepokewa pia kwamba Imam Shafii alikutwa akinyolewa makwapa, akasema kuwa anajua Sunna ni kunyonyoa, ila hastahimili maumivu yake. Tazameni upana wa dini hii! Kwa hiyo wanaokimbilia kusema kuwa leza ni haramu kwa sababu ni jambo jipya, au kwa sababu imetoka kwa wasio Waislamu, wamekosea. Bidaa inayokatazwa ni ile ya kuzua katika ibada. Vyombo vya kidunia asili yake ni halali mpaka upatikane ushahidi wa kuvikataza.

Lakini ushahidi wa kukataza unaweza kutokana na madhara. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna kujidhuru wala kudhuriana, na katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Swali la mashine hii, basi, linatutaka tumsikilize pia mwenye elimu ya ngozi.

Mwanga huu unafanyaje kazi?

Mwaka 1983, madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni ambayo ndiyo msingi wa mashine hizi. Nywele zina rangi ya asili iitwayo melanini. Ukipiga pigo fupi la mwanga mkali, melanini huunywa mwanga ule na kuugeuza kuwa joto, na joto hilo huunguza shina la unywele. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi, nywele hunywa mwanga na ngozi husalimika.

Sasa, ngozi yetu sisi nayo imejaa melanini hiyohiyo. Mwanga hauna akili ya kupambanua kati ya unywele na ngozi iliyouzunguka. Unapopigwa juu ya ngozi nyeusi, ngozi huunywa kabla haujafika kwenye shina la unywele. Matokeo yake ni kuungua, malengelenge, mabaka meusi au meupe, na kwa baadhi ya watu makovu yanayovimba. Tuzingatie hekima ya Muumba wetu. Melanini hii ndiyo ngao inayomkinga mkulima wa tumbaku au wa mpunga wa Mpimbwe anaposhinda juani tangu asubuhi. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi isiyo na ngao hiyo huigeuza neema yetu kuwa kuni za kutuunguzia.

Hatusemi kwamba hakuna leza inayofaa kwa mtu mweusi. Ipo leza ya mawimbi ya nanomita 1064 ambayo hupenya chini zaidi na hunywewa kidogo na rangi ya ngozi. Hiyo hutumiwa katika kliniki na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Mashine nyingi za nyumbani si hiyo, na nyingi kati ya zinazoitwa leza si leza kabisa, bali ni taa zenye mapigo ya mwanga wa mawimbi mchanganyiko.

Ahadi tatu za tangazo

Ahadi ya kwanza ni kwamba wembe hautahitajika tena. Lakini maelekezo ya mashine hizi humtaka mtumiaji anyoe kwanza sehemu husika kwa wembe, kisha ndipo apige mwanga, na arudie hivyo kila baada ya wiki kadhaa. Wembe haukuondoka, bali umeongezewa gharama.

Ahadi ya pili ni kwamba nywele hazitarudi. Ukweli ni kwamba nywele huota kwa zamu, na mwanga huzipata zile tu zilizo katika zamu ya kukua. Hata ngozi inayofaa hupata upungufu wa nywele, si kumalizika kwake, na mtumiaji akiacha, nyingi hurejea. Wapo pia wanawake, hasa wale ambao ngozi yao si nyeupe sana, ambao nywele za uso na shingo ziliwaongezeka baada ya kupigwa mwanga.

Ahadi ya tatu ni kwamba inafaa mwili mzima. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la ndugu yetu. Ngozi ya sehemu za siri aghalabu ni nyeusi zaidi kuliko ngozi nyingine ya mwili, na maelekezo mengi yanaonya mashine isitumiwe hapo. Mahali hasa tulipoamrishwa kupasafisha ndipo mashine isipofaa!

Neno kwa wafanyabiashara

Nchi yetu imeshapata funzo la namna hii kupitia mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku, lakini viliendelea kuuzwa kwa siri, na walioharibika nyuso ni mama zetu na dada zetu. Tusingoje mpaka hali ifikie huko.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta unyevu. Mwenye mali alipojitetea kuwa ni mvua, Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Ile picha ya sita yenye alama nyekundu ndiyo nafaka iliyolowa ya zama zetu. Mfanyabiashara Mwislamu anayeuza mashine hii kwa wateja wa Katavi, huku akijua kuwa takriban wote wana ngozi iliyokatazwa, hawezi kujitetea kuwa kijitabu kimo ndani ya boksi. Kijitabu cha lugha asiyoijua mnunuzi ni sawa na nafaka iliyo chini ya lundo.

Tufanye nini?

Kwanza, wanaume tumche Allah katika wake zetu. Wako wanaowalinganisha wake zao na picha za kwenye simu, kisha mke akiungua kwa kutaka kumridhisha mumewe, mume humlaumu. Kinachotosha ni usafi aliouweka Mtume (S.A.W.), nao unawezekana kwa tajiri na maskini.

Pili, tukiri kwamba wapo wanaoteseka kweli kwa vipele vya wembe, kwani nywele zetu zilizojikunja hurudi na kuchoma ngozi. Dawa yake nyepesi ni kulowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa nywele, na kutumia wembe mkali. Kupunguza kwa mkasi kunajuzu pia. Wembe usishirikiwe hata na ndugu, kwa kuogopa Ukimwi na homa ya ini.

Tatu, ambaye vipele vyake vimegeuka majipu au makovu, au mwanamke aliyeanza kuota ndevu ghafla, aende hospitali, kwani ndevu hizo huenda zikawa dalili ya hitilafu ya homoni ambayo mwanga hautaitibu. Akihitaji bingwa, nchi yetu inacho kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Na anapotibiwa, ahifadhi uchi wake, mwanamke atibiwe na mwanamke kila inapowezekana, na usifunuliwe ila mwili unaohitajika kwa dharura.

Ndugu yetu aliirudisha mashine ndani ya boksi, akampigia simu muuzaji palepale. Kama fedha zake zitarudi, Allah ndiye ajuaye. Lakini ngozi ya mkewe imesalimika, na hiyo ni amana ambayo kila mmoja wetu ataulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.