Nyumba Iliyopinda, Mjomba Wangu, na Mimi Mjuaji

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu. Kazi ilinibana, na ukweli ni kwamba nilikuwa pia na aibu kidogo. Leo sitaandika kuhusu seva wala lugha za programu. Nataka kuandika kuhusu majengo ya ajabu, picha za ajabu, na jinsi mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta anavyoweza kupofushwa na ujuzi wake mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu ni fundi mwashi kule Voi. Alianza kujenga kabla sijazaliwa. Mwezi uliopita alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ilikuwa nyumba ya ghorofa iliyopindapinda kama mshumaa ulioachwa juani: madirisha yamelegea, paa limebonyea, ukuta wa mbele unayumba kama mlevi. Chini yake aliandika, "Oneni kazi ya mafundi wenzangu."

Mimi, bila hata kuikuza ile picha nikaitazama vizuri, nikajibu: "Mjomba, hiyo imetengenezwa na kompyuta. Hakuna nyumba kama hiyo duniani." Binamu zangu wakamwaga vikaragosi vya kucheka. Mjomba hakujibu. Alinyamaza siku nne, na yeye ndiye hutuma salamu kila asubuhi kabla jogoo hajawika.

Siku ya tano dhamiri ikanisuta, nikaitafuta picha ile mtandaoni. Dakika mbili zilinitosha. Nyumba ile ipo. Inaitwa Krzywy Domek, yaani kijumba kilichopinda, na iko mjini Sopot, Poland, kwenye mtaa wa Bohaterów Monte Cassino. Ilijengwa mwaka 2004. Wasanifu wake, ofisi ya Szotyńscy & Zaleski, walichota mawazo kutoka kwa Jan Marcin Szancer, aliyekuwa mchoraji wa vitabu vya hadithi za watoto, na Per Dahlberg, msanii Mswidi aliyeishi Sopot. Ndani yake kuna maduka na mikahawa. Wakati mimi nikisema haipo duniani, kuna mtu alikuwa ameketi humo anakunywa kahawa.

Nilijiuliza: kwa nini nilikuwa na uhakika hivyo? Jibu halinipendezi. Sikuitazama picha. Niliona kitu cha ajabu, na kwa sababu najua kompyuta zinaweza kutengeneza chochote, nikaamua kompyuta ndiyo iliyokitengeneza. Huo si ujuzi. Ni uvivu uliovaa tai.

Tusemezane ukweli, picha za kubuni zipo, na nyingine ni nzuri mno. Kuna Mhispania aitwaye Víctor Enrich, mzaliwa wa Barcelona, aliyewahi kufanya kazi ya kuchorea wasanifu picha za majengo kwa kompyuta. Alichukua hoteli moja ya Munich, Ujerumani, na kuitengenezea matoleo 88, moja kwa kila kibonyezo cha piano. Katika picha hizo hoteli ile ile inakunjwa, inapasuliwa, inapinduliwa juu chini. Zilisambaa sana mtandaoni mwaka 2013. Kuna pia Mbelgiji Filip Dujardin. Yeye, katika mfululizo wake uitwao Fictions, huunganisha vipande vya majengo halisi akapata jengo ambalo halijawahi kuwepo, lakini linaonekana kama lile uliloliona juzi ukiwa ndani ya basi.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Photoshop ilitoka mwaka 1990. Miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1960, msanii Mfaransa Yves Klein alipigwa picha akiruka kutoka ukutani kama ndege, mikono wazi, juu ya barabara. Kumbe chini palikuwa na marafiki wameshika turubai la kumdaka. Wapiga picha Harry Shunk na János Kender waliunganisha picha mbili, marafiki na turubai wakatoweka.

Kwa hiyo sina ugomvi na picha ya kubuni. Ugomvi wangu ni mwingine, na niliuelewa vizuri nilipokwenda Voi kuomba radhi. Nilipanda treni Jumamosi, nikamkuta uani anasafisha mwiko. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa. Umeleta kompyuta yako ije ituambie nini hakipo?" Nilistahili hilo.

Nikamwonyesha nilichokipata kuhusu Sopot. Hakushangaa. Akaniambia alijua ni jengo la kweli mara tu alipoliona. Nikamuuliza alijuaje. "Nilitafuta pa kuingilia," akasema. "Kisha nikatafuta maji ya mvua yanaenda wapi. Kisha nikajiuliza, ningekuwa mimi, ningelijengaje? Ningepindisha uso tu, ndani niache sawa. Mtu hawezi kuuza duka lenye sakafu ya kuteleza." Nikaenda kuhakikisha, na ndivyo lilivyo: ukipita mlangoni, ndani ni jengo la kawaida. Wazimu wote uko usoni.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Jengo la ajabu lililojengwa kweli lina madeni. Linadaiwa na mvua, na uzito, na watu wanaotaka kuweka kabati. Kila jengo la aina hii lina mahali lilipolipia ajabu yake, na ukijua kutazama utapaona.

Chukua Dancing House ya Prague, jengo linaloonekana kama watu wawili wanacheza dansi. Lilisanifiwa na Vlado Milunić na Frank Gehry, likakamilika mwaka 1996, kwenye kiwanja ambacho nyumba yake ya zamani ilibomolewa na mabomu ya Marekani mwaka 1945. Upande wake wa zege una paneli 99, na hakuna mbili zinazofanana. Nilipomsomea mjomba hilo, aliweka mwiko chini. "Kalibu 99?" Ndiyo mjomba, kila paneli na kalibu yake ya mbao. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya mahari.

Au chukua nyumba za mchemraba za Rotterdam, Uholanzi, za msanifu Piet Blom, zilizokamilika mwaka 1984. Kila mchemraba umesimamishwa kwa pembe yake juu ya nguzo, na watu wanaishi humo. Deni lake? Kuta zimelala, kwa hiyo karibu robo ya nafasi ya nyumba haitumiki. Wakazi wanalipia ajabu ile kila siku, na bado wanaishi humo.

Picha haina deni hata moja kati ya hayo. Inadaiwa na jicho tu. Nilimwonyesha mjomba hoteli ya Enrich. Alicheka hadi akakohoa, akataka zote 88. "Huyu naye ni fundi," akasema, "ila hajawahi kukopa saruji." Sijasikia mhakiki wa sanaa akieleza vizuri zaidi. Ni mafundi wawili, na kila mmoja anastahili sifa yake. Kosa ni kumpa mmoja sifa ya mwenzake.

Na kosa hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza tunaujua: kuamini cha kubuni. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kitengo kimoja cha tuzo za Sony World Photography, kisha akaikataa tuzo hiyo, akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili unde. Upande wa pili ndio ulionikumba mimi: kukana cha kweli. Mwaka 2024 mpiga picha Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe (flamingo) katika kitengo cha picha za akili unde cha shindano jingine. Ndege yule alionekana kama hana kichwa, kumbe alikuwa anajikuna tumbo. Picha ikashinda, kisha ikaondolewa kwa sababu ilikuwa ya kweli!

Nadhani upande wa pili ni mbaya zaidi, na hausemwi vya kutosha. Ukiamini cha kubuni, unaaibika wewe. Ukikana cha kweli, unamnyang'anya mtu jasho lake. Mtu alikaa akachonga kalibu 99, halafu kijana wa Nairobi mwenye simu anaandika "ni ya kompyuta" na kuendelea kula chipsi zake.

Kuna wasomaji watakaosema, "Bwana wee, picha ni burudani tu, mbona unaifanya kesi?" Nitawajibu kwa jambo lililompata mwenzangu kazini. Alilipa amana ya nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Alionyeshwa picha: roshani pana, miti, anga la buluu, barabara isiyo na gari hata moja. Nyumba ilipokamilika, roshani ilikuwa ya kutosha ndoo na fagio, na pale penye miti pana ukuta wa jirani. Picha ile ilitengenezwa kwa programu za aina ile ile anazotumia Enrich. Tofauti ni kwamba Enrich anapopindua hoteli juu chini, anakuambia ni mchezo. Aliyemuuzia mwenzangu hakusema. Kati ya picha hizo mbili, ile ya hoteli iliyopinduliwa ndiyo yenye ukweli zaidi.

Sasa tufanye nini? Mimi ni mwandishi wa programu, siwezi kumaliza makala bila mapendekezo.

Kwanza, tafuta picha za pembe nyingine. Jengo halisi limepigwa picha na watu wasiojuana, kwenye jua na theluji, likiwa na pipa la taka mbele yake na mtalii aliyefumba macho. Zile 88 za Enrich, pamoja na uzuri wake wote, zimesimama mahali pamoja. Ndiyo, siku hizi hata pembe nyingine zinaweza kughushiwa, lakini kughushi miaka 20 ya watalii ni kazi kubwa.

Pili, tumia maswali ya mjomba. Mtu anaingilia wapi? Maji yanaenda wapi? Ungelijengaje? Huhitaji digrii.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: usisambaze picha bila jina. Sisi watengenezaji wa programu tukitumia Git, kila mstari una jina la aliyeuandika na siku aliyouandika. Tunaona ni jambo la kawaida. Lakini picha ikipita WhatsApp mara moja, zile taarifa zilizofichwa ndani yake huondolewa: tarehe, kamera, mahali. Ikifika kwa mtu wa kumi ni yatima. Kwa hiyo andika mwenyewe, kwa mkono: Sopot, Poland, 2004. Au: ya kubuni, Víctor Enrich. Maneno matatu manne yanatosha. Laiti picha ya mjomba ingekuja na jina la mji, nisingefungua mdomo. Na laiti mimi ningeuliza "ni wapi hapo mjomba?" badala ya kutoa hukumu, tungeongea vizuri siku ile ile.

Kundini niliandika hivi: "Nilimkosea mjomba. Nyumba ile ipo, nimehakikisha. Yeye alijua kwa macho, mimi sikujua hata kwa kompyuta." Hakuna aliyetuma kikaragosi. Kesho yake alfajiri salamu zikarudi, zikifuatana na picha nyingine: jengo kubwa la kung'aa, limejikunja kama karatasi iliyotupwa kando ya mto. Chini yake: "Na hii, mpwa? Ya kompyuta au ya mafundi?"

Nilicheka peke yangu ndani ya matatu. Ilikuwa Guggenheim ya Bilbao, Hispania, kazi ya Frank Gehry, iliyofunguliwa mwaka 1997. Ofisi yake iliichora kwa CATIA, programu ya kampuni ya Dassault iliyoundwa kwa ajili ya ndege, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupima mikunjo ile. Kisha mafundi wakapanda juu wakaivalisha vipande vya titani vipatavyo 33,000.

Nikamjibu: "Zote mbili, mjomba."

Akajibu: "Sasa umeanza kutazama."

Haya, ni hayo kwa leo. Wewe umewahi kukana kitu kilichokuwa cha kweli, au kuapa kwa kilichokuwa cha kubuni? Niachie maoni hapo chini. Na ukiweka picha ya jengo, tafadhali, weka na jina la mji.