Mzazi, mnara haujui mlango wa nyumba yako

Mwezi uliopita nilikuwa Ngulyati, wilayani Bariadi, nikizungumza na kina mama waliokuja kliniki na watoto. Mama mmoja alinisimulia usiku ambao mkwewe alishikwa na uchungu. Familia ilipiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura. Wakaulizwa, "Mko wapi?" Kijana aliyeshika simu akajibu kwa hasira, "Si mnaona kwenye mtandao?" Halafu akasema wako karibu na mwembe mkubwa, akakata.

Dereva alizunguka sana, maana miembe ni mingi. Mtoto alizaliwa salama, lakini bibi yake akikumbuka usiku ule bado anashika kifua.

"Hivi mwanangu," akaniuliza, "simu si inajulikana ilipo?"

Inajulikana, ila si kama tunavyodhani. Simu ikiwa imewashwa, mtandao hujua iko eneo la minara ipi, ndiyo maana ukipigiwa inaita. Ukipiga, mtandao hujua mnara unaokuhudumia na upande wake, kwa kuwa minara mingi imegawanywa pande tatu. Pia hupima muda ambao mawimbi yanatumia kufika. Kwa simu za 2G, kipimo hicho huenda kwa hatua za mita 550 hivi.

Mjini, minara imekaa karibu karibu, kwa hiyo eneo la kutafuta hupungua hadi mitaa michache. Minara mitatu ikiisikia simu moja, eneo hupungua zaidi. Kijijini, mnara mmoja unaweza kuhudumia kilometa nyingi. Jibu lake huwa kama hili: "Yuko upande huu, kama kilometa nne." Hapo kuna kaya ngapi, na mashamba ya pamba mangapi?

Simu janja ina GPS, inayosoma satelaiti na kukaribia mita chache ukiwa mahali pa wazi. Lakini simu nyingi za kitochi hazina. Na simu ikizimwa, kinachobaki ni mahali ilipoonekana mara ya mwisho.

Kwa hiyo ukiona tangazo, "Tuma namba na hela, tukuonyeshe mtoto wako alipo," usitume hata shilingi. Taarifa za minara ziko kwa kampuni za simu, na hutolewa kwa vyombo kama polisi kwa utaratibu wa sheria. Mtoto akipotea, toa taarifa kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa kitongoji mara moja. Usisubiri kesho.

Nyumbani, fanya haya:

1. Andika nyuma ya kadi ya kliniki: kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti, na alama isiyofanana na nyingine, kama shule, zahanati, kanisa au msikiti. Ongeza njia ya kufuata kutoka hapo hadi kwako.

2. Ukipiga namba ya dharura, usikate mpaka uambiwe. Acha simu hiyo wazi ili dereva akupate, na mtu mwingine asitumie chaji yake kwa muziki.

3. Tuma mtu mzima mwenye tochi barabarani kusubiri gari.

4. Mwenye simu janja na bando anaweza kumtumia dereva au ndugu mahali alipo kupitia WhatsApp. Jaribuni leo mchana, msijifunze usiku wa uchungu.

Mimba ikifika mwezi wa nane, simu ya nyumbani ilale na chaji kila siku, na namba 115 ijulikane na kila mtu, siyo baba peke yake.

Jioni ya leo, muulize mtoto wako mkubwa: "Ukipiga simu usiku ukaulizwa tuko wapi, utasemaje?" Akijibu "karibu na mwembe", keti naye umfundishe.